PGWP (kibali cha kazi baada ya masomo) Canada: nimemaliza Desemba, mahafali ni Juni. Niombe sasa au ningoje cheti?

BintiKongowea

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya tangu niko Mombasa natafuta chuo, leo imebidi nijitokeze.

Niko Hamilton, Ontario. Nimesoma diploma ya miaka miwili ya hoteli na utalii kwenye koleji ya umma. Nilianza Januari 2024, mtihani wa mwisho nimefanya Desemba 2025. Matokeo yote yalitoka kwenye tovuti ya chuo tarehe 22 Desemba pamoja na ujumbe kwamba nimetimiza masharti ya kuhitimu. Kibali changu cha masomo kimeandikwa chaisha 31 Machi. Mahafali ni Juni, na cheti chenyewe hutolewa siku hiyo.

Hapo ndipo nilipokwama. Mamangu ashawatangazia majirani wote kwamba Juni nahitimu, kwa hivyo akilini mwangu nilijua PGWP naomba nikishashika cheti. Mwenzangu ninayekaa naye aniambia siku ni 180, nisiwe na pupa. Wakala mmoja Toronto aniambia nimeshachelewa, halafu ataka dola 900 anijazie fomu. Nimsikize nani?

Tena nilifanya mtihani wa Kiingereza, IELTS Academic, 2023 nikija huku, nikapata 6.5. Yafaa? Na nasikia siku hizi watu wa hoteli hawapewi PGWP kabisa, eti kozi yetu haimo kwenye orodha. Hilo limeninyima usingizi. Kazi nafanya kwenye ghala la mizigo, saa 24 kwa wiki, na supavaiza asema nikitaka aniweka saa 40 kuanzia wiki ijayo. Naruhusiwa?

Pasipoti yangu ni ile ya Afrika Mashariki, niliichukua Oktoba 2017, kwa hivyo yaisha Oktoba 2027. Naitaja tu isije ikawa yahitajika.

Kijana_wa_Majengo

Dada usijipe presha. Matokeo 22 Desemba, ukihesabu siku 180 unafika 20 Juni. Ngoja mahafali, chukua cheti, omba ukiwa nacho mkononi. Hapo hawana la kukukatalia. Na huyo wakala wa dola 900 mwambie apumzike.

MangiWaBrampton

Kijana, hesabu ya 20 Juni umepatia, na kwa wakala tuko pamoja. Ushauri wa kungoja ndio utakaomtoa binti wa watu nchini.

Mdogo wangu BintiKongowea, shusha pumzi, halafu weka mahafali pembeni. Uhamiaji wa Canada hawana habari na joho lako. Wanachotaka ni maandishi ya chuo kwamba umemaliza: transkripti ya mwisho na barua ya kumaliza masomo. Vyote viwili unaviomba ofisi ya msajili hata kesho asubuhi. Barua ikija, soma jina lako herufi kwa herufi ulilinganishe na pasipoti. Sisi wa majina matatu vyuo vya huku hutuchanganya, jina la babu linakuwa lako na la kwako linapotea. Wakurekebishie kabla hujapakia chochote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna hesabu mbili na watu wanazifanya moja. Ya kwanza ni hiyo ya siku 180: muda wa kuomba PGWP tangu chuo kilipokuarifu kwa maandishi kwa mara ya kwanza kwamba umemaliza. Ya pili ni uhai wa kibali chako cha masomo. Mtu akimaliza shule, kibali kinakufa siku 90 baada ya kuarifiwa, au tarehe iliyochapishwa, yoyote itakayotangulia. Siku 90 kutoka 22 Desemba zinaangukia 22 Machi. Kwa hiyo hiyo 31 Machi uliyoikariri haipo. Futa kwenye kalenda, andika 22.

Ukiomba kabla ya hapo, unakaa kihalali ukingoja jibu, lije lini lijalo, na kazi unafanya. Ukiomba tarehe 10 Juni na cheti chako kina muhuri unang'aa, ni kweli bado uko ndani ya 180, lakini hadhi yako ilishakatika Machi. Itabidi uombe kurudishiwa hadhi, ada juu ya ada, na muda wote huo hugusi kazi ya mtu. Au uondoke uombe ukiwa nje. Nimeona watu wamepiga picha za joho Juni, Julai wanauliza humu nani anamjua mwanasheria wa bei nafuu.

Saa 40: la, usiingie. Na mwambie supavaiza hata zile 24 zisimame kwanza. Ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo ni ya mwanafunzi anayesoma, na wewe umeshaarifiwa kwamba umemaliza. Lakini siku utakayotuma ombi na kulipia, mradi kibali bado ni hai na hukuwahi kuzidisha saa ulipokuwa unasoma, unarudi kazini kwa saa zote unazotaka, bila kungoja jibu. Baadaye kwenye akaunti yako itaingia barua inayoitwa WP-EXT. Ichapishe umpelekee mwajiri, maana namba yako ya SIN, ile ya kazi na kodi inayoanza na 9, kwenye mfumo wao itaonekana imekwisha pamoja na kibali cha masomo, na watu wa mishahara huwa wanashtuka. PGWP yenyewe ikitoka unakwenda ofisi ya serikali, Service Canada, wakuwekee tarehe mpya.

Orodha ya kozi haikuhusu. Inawabana walioomba kibali cha masomo kuanzia 1 Novemba 2024, tena wa diploma na vyeti. Wenye digrii hawaulizwi kozi. Wewe uliomba 2023. Lala usingizi.

Lugha inakuhusu, kwa sababu yenyewe inatazama tarehe ya kuomba PGWP, na tangu hiyo hiyo 1 Novemba 2024 kila anayeomba lazima awe na matokeo. Wanapima kwa CLB, ngazi za lugha za Canada: wa koleji CLB 5 katika sehemu zote nne, wa digrii CLB 7. IELTS Academic hawaitaki hata ungepata 9, na yako imeshapita miaka miwili. Fanya IELTS General, au CELPIP General, au PTE Core. CLB 5 kwa IELTS General ni 5 kusikiliza, 5 kuandika, 5 kuzungumza na 4 kusoma, kwa hiyo wewe wa 6.5 hutatoa jasho. Tatizo ni nafasi tu, weka miadi leo.

Mimi nilifanya CELPIP hapa jirani Mississauga nilipokuwa natafuta makazi ya kudumu. Kila kitu ni kompyuta. Sehemu ya kuzungumza hakuna mtu wa kuzungumza naye: unavaa visikizio, skrini inakupa swali, sekunde zinahesabiwa, na chumba kizima mnaongea kwa mpigo. Jirani yangu alipewa swali la kumshauri rafiki kuhusu kununua gari, akalijibu kwa sauti ya mhubiri wa stendi ya Ubungo, mpaka nikajikuta nami natamani kujua gari lenyewe aina gani. Vaa visikizio vizuri, tazama skrini yako, usisubiri wenzako wanyamaze. Hawatanyamaza.

Nimeiacha pasipoti mwisho kwa makusudi. Wewe umeitaja kama kitu kidogo, kumbe ndiyo kubwa. Diploma ya miaka miwili inakupa PGWP ya miaka mitatu, lakini hawatoi kibali kinachoipita pasipoti. Ukituma na hiyo ya Oktoba 2027 watakukatia Oktoba 2027. Zaidi ya mwaka umekwenda. PGWP mtu anapewa mara moja tu maishani, ila muda uliokatwa na pasipoti unaruhusiwa kuudai baadaye ukiwa na mpya. Lakini hilo ni ombi lingine, ada nyingine, kungoja kwingine. Piga simu ubalozi wenu Ottawa kesho, ulizia utaratibu na muda wao. Ikiwezekana mpya ipatikane kabla ya Machi, vizuri sana. Ikishindikana, omba na ya zamani. Usije ukaikosa 22 Machi kwa sababu ya kungoja pasipoti.

Fomu yenyewe ni IMM 5710. Ni PDF ya ajabu: ukiifungua kwenye simu au kivinjari inakuandikia usubiri, na utasubiri mpaka kiama. Ipakue kwenye kompyuta, ifungue kwa Adobe Reader, ijaze, halafu bonyeza Validate. Ikikuonyesha wekundu, kuna mahali umeruka. Sehemu ya mwajiri usihangaike nayo, kibali hiki hakifungwi na mwajiri mmoja. Ada ni dola 255: yaani 155 za kibali na 100 za huko kutofungwa. Wapo wanaolipa 155 wakafunga kompyuta wakalala.

Dola 900! Kwa hizo hela nakujazia fomu, nakupikia na machalari, na nauli ya GO ya kurudi Hamilton juu yangu.

MwanaBukavu

Bandugu, niongezee kidogo kwa wale wa Congo na Burundi wanasoma hii. Si lazima Kiingereza. Kifaransa kinakubaliwa kabisa, TEF Canada ao TCF Canada, kiwango ni kile kile, 5 kwa koleji na 7 kwa université. Lakini angalia jina: TCF Canada. Ile TCF ya kawaida watu wanafanyaka kwa ajili ya kwenda Ufaransa haihesabiwe.

Mimi nilisomea Gatineau. Huku Québec watu wengi wanafikiri PGWP inaombwa kwa serikali ya jimbo, juu ile ruhusa ya kwanza ya kusoma, CAQ, ilipitia kwa jimbo. Hapana. PGWP ni ya Ottawa tu, fomu ni ile ile Mangi amesema.

NesiWaKurasini

Mangi umeandika vizuri kaka yangu, ila umesahau jambo linalowapata dada zetu wengi. Mimi niko Calgary, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wageni kutoka Afrika Mashariki nawaona wakija kila wiki kuomba kazi.

Kibali kikitolewa bila vipimo vya afya, kinaandikwa sharti chini yake: hairuhusiwi kulea watoto, kufundisha shule ya msingi wala sekondari, wala kufanya kazi kwenye huduma za afya. Watu hawalisomi. Wanatazama picha yao na tarehe, wanafurahi, wanaweka kwenye droo. Tulipata binti mmoja wa Kisumu, mchapakazi, usaili amepita, mafunzo amemaliza, sare kapewa. Siku ya kwanza ya zamu, mama wa ofisini akageuza karatasi na kusoma mistari ya chini. Binti alirudishwa nyumbani kabla hajaingia wodini. Kulitoa lile sharti ni kuomba upya, na vipimo ndivyo hivyo hivyo ambavyo angevifanya mwanzo.

BintiKongowea, kama una wazo lolote la kufanya kazi na wazee, hospitali, au chekechea, fanya vipimo sasa na uambatanishe karatasi ya daktari kwenye ombi. Vile ulivyofanya kabla ya kuja 2023 vilikuwa halali kwa miezi 12, vimeshakufa. Na lazima awe daktari aliyemo kwenye orodha ya uhamiaji wenyewe. Daktari wa kliniki ya mtaani kwako hafai hata kama ni mzuri.

BintiKongowea

Mangi, MwanaBukavu, dada Nesi, Mungu awalipe. Nimesoma mara mbili nikiwa kwenye basi, nimepitwa na kituo.

Msajili asema barua yachukua wiki moja. CELPIP nimepata nafasi mwisho wa mwezi huu. Wakala nimemzuia kwenye simu. Vipimo pia nitafanya, dada, kwani kuna hoteli moja yenye sehemu ya wazee wanaoishi humo moja kwa moja na nilikuwa nimeitamani.

Lakini nina jambo jengine. Dadangu aolewa Aprili, baada ya Idi. Nikituma ombi Februari, naweza kwenda Mombasa wiki tatu nikarudi nikaendelea kungoja? Na kuna mtu kazini aniambia niko karibu na Niagara, nivuke daraja nigeuze gari nirudi, nipewe kibali papo hapo. Ni kweli?

MangiWaBrampton

Daraja kwanza, maana ni jibu fupi: ilikuwa kweli. Tangu 21 Juni 2024 PGWP haiombwi tena mpakani. Huyo rafiki yako anasimulia mambo ya zamani.

Harusi. Najua ninachokuambia ni kichungu. Kibali cha kazi si viza. Kibali kinakuruhusu kufanya kazi ukiwa ndani, viza ndiyo inayokupandisha ndege. Ile viza kwenye pasipoti yako hebu ifungue uitazame, karibu hakika inaisha pamoja na kibali cha masomo. Ukitoka Februari na kurudi kabla haijaisha ni jambo moja. Ukitoka Aprili, haki yako ya kukaa ukingoja jibu unaiacha uwanja wa ndege wa Pearson, na kule Moi au JKIA msichana wa kaunta atafungua pasipoti, atatafuta viza, hataiona, na utabaki naye hapo mnatazamana.

Njia salama ni PGWP itoke kwanza, kisha uombe viza mpya ukiwa hapa hapa. Unaomba mtandaoni, dola 100, wakikubali ndipo unawatumia pasipoti kwa posta wakaibandike. Unaona tatizo? Hiyo ni pasipoti ile ile unayotaka kuibadilisha ubalozini. Haiwezi kuwa ubalozini, uhamiaji na harusini kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo pole, lakini usinunue tiketi ya Aprili mpaka uwe na kibali na viza, vyote viwili. Kama dada yako anakupenda, anaweza kufanya nikaha Aprili na karamu Agosti. Sisi Wachagga tunafanya Desemba na hakuna anayelalamika.

Kijana_wa_Majengo

Haya. Akishaipata hiyo miaka mitatu, aendelee na ghala? Mimi ghala langu hapa Windsor linalipa kuliko hoteli.

MangiWaBrampton

Linalipa, ndiyo, na kama mpango wake ni kukusanya hela arudi Mombasa afungue nyumba ya wageni, abebe maboksi kwa amani. Kama anataka kubaki, ghala halimfikishi.

Njia ya makazi ya kudumu ambayo wengi hupitia, Canadian Experience Class, inataka mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, yaani saa 1,560, na kazi iwe kwenye ngazi za TEER 0 hadi 3. TEER ni ngazi za ujuzi wa kazi, 0 juu na 5 chini. Kubeba mizigo ghalani ni TEER 5. Hata ufanye miaka mitatu yote, kwa njia hiyo ni sifuri. Na saa alizofanya akiwa mwanafunzi hazihesabiwi hata zingekuwa za umeneja.

Uzuri ni kwamba diploma yake ni ya hoteli. Ndani ya jiko moja utakuta mpishi ni TEER 3, msimamizi wa huduma ya chakula ni TEER 2, na msaidizi anayemenya viazi na kuosha vyombo ni TEER 5. Wote wanavaa aproni, wote wananuka vitunguu. Mwaka ukiisha mmoja anaingia kwenye mfumo na mwingine haingii. Kwa hiyo akipata kazi asome barua ya ajira: cheo gani, majukumu yapi, saa ngapi kwa wiki. Bosi akisema "tutakuita msaidizi tu kwa sasa, kazi utafanya ya upishi", hapo abishane. Hilo "kwa sasa" ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya uthibitisho.

Na CELPIP anayoifanya mwezi huu asiridhike na 5. Itamtosha PGWP, na hata kwa TEER 2 na 3 kiwango cha chini ni hicho hicho, lakini alama za ushindani zinapanda na lugha. Matokeo ni halali miaka miwili, bora ayafanye yamfae mara mbili.

NesiWaKurasini

Kwa upande wetu nako iko hivyo. Msaidizi wa wauguzi kwenye kituo ni TEER 3. Anayekwenda kumhudumia mzee nyumbani kwake ni TEER 4. Kazi zinafanana sana, kuogesha, kulisha, kugeuza. Ulizeni kabla ya kusaini.

MtuWaTanga

Shikamooni wakubwa. Nimefuata uzi wote. Kakangu yuko Halifax, anamaliza masters ya miezi 16 mwezi wa nne. Yeye atapewa PGWP ya miezi 16? Maana ndivyo alivyoambiwa na wenzake darasani.

MangiWaBrampton

Marahaba. Miaka mitatu. Tangu 15 Februari 2024 masters ya miezi minane au zaidi inapewa mitatu hata kama haifiki miaka miwili. Lugha kwake ni CLB 7, ambayo kwa IELTS General ni 6 kila sehemu, na akumbuke Academic haifai. Muhula huu wa mwisho anaweza kuwa na masomo machache bila shida, ila mihula mingine yote awe alisoma kwa muda wote.

Pasipoti yake inaisha lini?